Askofu Samuel Ajayi Crowther

Katika nchi ya Wayoruba, upande wa Afrika ya Magharibi, palikuwa na mji ulioitwa Osogun. Huko, yapata mwaka 1807, alizaliwa mtoto mwanamume akaitwa Ajayi, jina wapewalo watoto wa Kiyoruba wazaliwao kifudifudi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, mtu wa heshima katika mji wake, na jamaa yao walikaa kwa amani wala hawakupungukiwa na kitu.

Lakini siku zile nchi ilikuwa imejaa vita, na wenye vita walikuwa wakiteka watu na kuwauza. Asubuhi moja ya mwaka 1821, watu wakitengeneza chakula, adui waliuzunguka mji wa Osogun. Baba yake Ajayi akaja mbio kuwaonya watu wa nyumbani wapate kukimbia, kisha akarudi kuulinda mji. Wasionane naye tena. Ajayi akachukua upinde na mishale yake, akatoka na mama yake na dada zake ili wajifiche msituni. Hawakufika mbali. Walikamatwa, wakafungwa kamba shingoni, wakapelekwa mbali, na nyuma yao mji uliteketea kwa moto.

Tangu siku ile Ajayi alikuwa bidhaa. Kwanza alibadilishwa kwa farasi. Lakini farasi hakumpendeza aliyempokea, basi kijana akarudishwa kama kitu kisichofaa. Kwa muda kidogo alipata faraja ya kuwa pamoja na mama yake, hata jioni moja akatengwa naye ghafula, akafungwa, akapelekwa sokoni. Akauzwa, akauzwa tena. Kila aliponunuliwa alizidi kuikaribia pwani, na alikuwa amekwisha kusikia kwamba huko wako Wareno wanunuao watu na kuwapeleka ng'ambo ya bahari, wasirudi.

Hofu ile ilimlemea. Chakula hakikumwingia kinywani, mwili ukadhoofika, ugonjwa wa kuhara damu ukamshika. Mchana alikaa kimya, na usiku alilia. Akaona kufa ni afadhali kuliko kuishi, na mara nyingi gizani alikusudia kujiua kwa mkono wake mwenyewe, illa moyo haukumpa. Kijana huyu hakuwa mvivu wala mwoga. Ila huzuni ikiwa nyingi hufunga macho ya mtu, asiweze kuona kwamba liko jambo jema liwezalo kuja baada yake.

Hatimaye akafika Lagos, akauzwa kwa Mreno. Huko watu wazima na watoto walifungwa pamoja katika mnyororo mmoja shingoni, na watoto waliumia sana, kwa maana watu wazima walipouvuta kwa uchungu, uliwakaza watoto. Wakakaa hali hiyo miezi kadha wa kadha. Kisha wakatiwa katika merikebu, watu 187. Merikebu ile iliitwa Esperança Feliz, maana yake Tumaini la Heri; lakini kwa waliolala ndani yake hapakuwa na tumaini wala heri.

Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, baada ya kuifanya yenyewe kwa miaka mingi, na sasa manowari zake zilikuwa zikizunguka pwani ile kuwakamata wachuuzi. Tarehe 7 Aprili 1822 manowari iliyoitwa Myrmidon iliikamata merikebu ya Wareno. Walakini watumwa hawakujua kwamba wameokolewa. Walidhani wametekwa na adui wengine. Ajayi na wenzake walipopanda manowarini waliona nyama imetundikwa, na karibu yake mviringo mingi myeusi. Wakaogopa mno, wakidhani nyama ile ni ya wenzao waliochinjwa, na mviringo ile ni vichwa vyao. Ajayi akasogea polepole, akaitazama nyama, akaona kwato za nguruwe. Akanyosha mkono, akaigusa mviringo, akaona ni chuma. Ilikuwa mizinga na risasi zake tu. Basi hofu yake ikaanza kupungua.

Mwezi wa Juni mwaka ule walishushwa Freetown katika Sierra Leone, mahali walipokaa watu waliokombolewa utumwani, kama ulivyofanywa baadaye mji wa Frere Town karibu na Mombasa mwaka 1875. Ajayi akatiwa shuleni, akajifunza kwa bidii hata kwa muda wa miezi sita akaweza kusoma Agano Jipya. Akafundishwa na useremala pia. Mikono yake ilikuwa huru, lakini kwa kusoma akatambua kwamba uko utumwa mwingine, yaani utumwa wa dhambi, na yuko Mkombozi aliyekuja kuuondoa. Tarehe 11 Desemba 1825 akabatizwa, akaitwa Samuel Crowther. Mwaka 1827 aliingia chuo cha Fourah Bay, akiwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Akamwoa Susan, ambaye naye alikuwa ameokolewa utumwani.

Mwaka 1841 alifuatana na Waingereza waliosafiri katika mto Niger, safari iliyoua Wazungu wengi kwa homa. Mwaka 1843 akapewa upadre huko London, kisha akatumwa kuwahubiri watu wa kabila lake. Mwaka 1846 akafika Abeokuta. Tumaini la kumwona mama yake alikuwa amekwisha kulikata siku nyingi. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule mama alisikia habari zake, akaja. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita. Walipoonana hawakuweza kusema neno. Waliketi wakitazamana, machozi yakiwatoka. Mama hakuamini kwamba huyu ndiye yule mtoto aliyetengwa naye jioni ile. Mwaka 1848 akabatizwa, akaitwa Hannah, kwa kuwa Hannah wa Biblia ndiye mama yake Samweli.

Crowther alifanya kazi nyingi. Alitunga kitabu cha maneno ya Kiyoruba, akafasiri Biblia pamoja na wenzake, na mwaka 1857 akaanzisha misheni ya Niger. Mwaka 1864 akawekwa kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika Kanisa la Uingereza.

Hata hivyo huzuni haikumwacha kabisa. Katika uzee wake walikuja vijana wa Kizungu walioidharau kazi yake, wakawaachisha kazi wasaidizi wake wengi. Mwaka 1890 mzee yule aliona aibu mbele ya watu aliowalea, akajiuzulu katika halmashauri ya misheni. Jambo lile lilimchoma moyo, lakini hakuiacha imani yake wala kanisa lake. Akafariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, katika mji ule ule alikofungwa mnyororo alipokuwa kijana.

Lau kama kijana Ajayi angaliupata mwisho alioutaka katika usiku wa huzuni yake, mama yake asingalimwona tena, na Wayoruba wangalikosa mfasiri wao. Usiku ule hakujua mema aliyowekewa mbele. Mungu alijua, akamhifadhi. Kwa hiyo mtu aliyelemewa na huzuni asiamini kwamba giza alionalo ndio mwisho wa mambo yote, wala asikae nalo peke yake. Amwambie mzazi, au mwalimu, au padre, na amwombe Mungu. Wala yeye aliye na furaha asimpite mwenzake akaaye kimya akilia.