Maisha ya Mchungaji David Kaunda

Tulipoambiwa tuandike habari za watu mashuhuri wa zamani, wenzangu wengi walichagua watu wa nchi za mbali. Mimi nimemchagua mtu ambaye kazi yake ilianzia karibu na kwetu, ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma. Mtu huyo ni Mchungaji David Kaunda. Mwanawe, Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, twamjua sote. Lakini habari za baba yake ni wachache kati yetu wazijuao.

David Kaunda alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1870 katika nchi ya Watonga, kando ya Ziwa Nyasa, katika nchi iitwayo leo Malawi. Nyakati zile zilikuwa za vita, maana Watonga na Wangoni walikuwa maadui. Alipokua alipelekwa Khondowe kusoma katika chuo cha Overtoun, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka wa 1894. Huko vijana wa makabila mbalimbali walisoma pamoja, na baadhi yao walikuwa watoto wa watu waliopigana kwa mikuki. Nadhani hapo ndipo alipopata somo lake kubwa kuliko yote ya vitabuni.

Wamisionari hao walikuwa na kituo kingine mahali paitwapo Mwenzo, katika nchi ya Wanyamwanga. Wanyamwanga ndio watu wa mama yangu, na wanakaa pande zote mbili za mpaka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka wa 1890 uliwagawa pasipo kuwauliza. Yapata mwaka wa 1905 Kaunda alitoka Mwenzo akaenda kufundisha na kuhubiri kwa Wabemba wa Chinsali.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Wabemba walikuwa wapiganaji hodari, na kabla ya kushindwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wakiwavamia Wanyamwanga na majirani wengine, wakichukua mateka. Kwa watu wengi wa huku jina la Mbemba lilikuwa jina la kutisha. Lakini mgeni huyu wa Kitonga alikwenda kukaa kati yao, akazoea lugha yao, akafungua shule kijiji kwa kijiji. Mkewe, Helen Nyirenda, aliyesomea Livingstonia, alikuwa mmoja wa wanawake Waafrika wa kwanza kufundisha shule katika nchi ile. Kwa kazi yao misheni ya Lubwa ikasimama.

Mwaka wa 1913 Mzungu wa kwanza wa misheni alifika kukaa Lubwa. Tangu hapo Kaunda, aliyeianzisha kazi ile, aliwekwa chini yake. Hakubarikiwa kuwa mchungaji mpaka mwaka wa 1930, baada ya kazi ya miaka ishirini na mitano hivi. Watu wengine wangekasirika na kulivunja kanisa vipande viwili. Yeye hakufanya hivyo. Alibaki na watu wake, akaendelea na kazi.

Lakini msidhani kwamba alikuwa mtu wa kunyamaza tu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka wa 1914 hadi 1918, nchi hizi za mpakani ziliumia mno. Maelfu ya watu walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, walioitwa tenga-tenga, na wengi hawakurudi makwao. Mashamba yalikosa wakulima, njaa ikaingia. Mnamo Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la Von Lettow-Vorbeck lilipita huku kwetu likiingia Rhodesia ya Kaskazini, kisha likaweka silaha chini Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Baada ya vita kodi iliongezwa. Mtu asiyekuwa na fedha ililazimu aiache nyumba yake na kwenda kutafuta kazi mbali.

Basi mwaka wa 1923 Kaunda na rafiki zake, Donald Siwale, Hezekiya Kawosa na Peter Sinkala, waliunda chama pale Mwenzo, nacho kiliitwa Mwenzo Welfare Association. Mambo hayo walikuwa wameanza kuyazungumza tangu mwaka wa 1912. Siwale alikuwa Mnyamwanga na karani wa serikali. Kaunda alikuwa Mtonga akaaye kwa Wabemba. Hawakuunda chama cha kabila. Walitaka Waafrika wapate mahali pa kusemea kwa pamoja, na waipelekee serikali shida za watu, kodi ikiwa mojawapo, kwa maneno ya adabu na ya kweli. Chama hicho kilikufa mwaka wa 1928, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Baadaye vyama vya namna hiyo vilizuka katika miji mingi, na mwaka wa 1948 viligeuka kuwa Kongresi ya kudai haki za wananchi.

Mchungaji Kaunda alifariki mwaka wa 1932. Kenneth, mtoto wake wa mwisho, alikuwa na umri wa miaka minane tu. Ada ya shule ilikuwa shilingi mbili na nusu, na mama mjane hakuwa nazo. Hebu fikirini: mtoto wa mwanzilishi wa shule zile alikuwa karibu kukosa shule! Jirani ndiye aliyewakopesha fedha hizo. Mtoto huyo akaja kuwa Rais tarehe 24 Oktoba 1964, na wito wa nchi yake ulikuwa Zambia moja, taifa moja. Mimi naamini mbegu ya wito huo ilipandwa na mtu wa Kitonga aliyewaita Wabemba ndugu.

Kwa nini nimeandika habari hizi? Tunduma yetu ni mji wa mpakani. Bei ya mahindi ikipanda, twawalaumu watu wa Nakonde. Nao wakikosa kitu, wanatulaumu sisi. Mama yangu mdogo ameolewa huko Nakonde, nami huona uchungu nisikiapo watoto wake wakiitwa wageni. Hata mabwenini, Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na Wanyakyusa huweza kuanza kwa utani na kumaliza kwa matusi.

Tena wako wadhanio kwamba kupenda ni kukubali kila jambo, na wengine wadhanio kwamba kudai haki ni kuchukia. Mchungaji Kaunda alikanusha yote mawili kwa maisha yake. Alidhulumiwa, asilipize kisasi. Aliona wengine wakidhulumiwa, asinyamaze. Shule yetu ni ya serikali, ina Wakristo na Waislamu, na somo hili ni letu sote. Basi tulipomwona mwenzetu akionewa, tuseme kwa pamoja, kwa adabu na kwa kweli, bila ya kuuliza kwanza ametoka upande gani wa mpaka.