Alessandro Volta na Nguvu ya Betri

Asubuhi katika Yahuma, baada ya mvua ya usiku, mara nyingine pikipiki hukataa kuwaka. Mwenyewe hubonyeza kitufe, naye husikia mlio mdogo tu, na taa ya mbele humulika hafifu kama kibatari. Mgonjwa anangoja kupelekwa, na njia ya msitu ni ndefu. Basi fundi hufungua kiti na kutazama betri. Juu yake pameandikwa 12 V. Herufi hiyo V inatokana na jina la mtu. Aliitwa Alessandro Volta, naye alizaliwa katika mji wa Como, kaskazini ya Italia, tarehe 18 Februari 1745.

Inasimuliwa kwamba mtoto huyu alichelewa sana kusema, hata wazazi wake wakadhani ni bubu. Kumbe alikuwa na akili kuliko wengi. Baba yake alikufa Alessandro akiwa bado mdogo, ndipo ndugu za baba wakamlea. Mapadri Wayesuiti waliomfundisha walitamani aingie shirika lao, lakini baba yake mdogo hakukubali, akamtoa katika shule ile. Jamaa zake walitaka asome sheria. Yeye alipenda kujua habari za umeme, basi akajisomea, akaanza kuwaandikia wataalamu barua angali kijana.

Mwaka 1774 alipata kazi katika shule ya Como. Miaka miwili baadaye alikuwa kando ya Ziwa Maggiore, mahali penye matope na majani yaliyooza. Alichoma matope kwa fimbo, mapovu yakapanda juu. Kila mtoto aliyevua samaki kinamasini ameyaona mapovu ya namna hiyo. Volta hakuyapita. Aliyakusanya chupani, akaona ya kuwa hewa ile huwaka moto. (Mtu asijaribu jambo hilo nyumbani, maana hewa ile huweza kulipuka.) Kisha akatengeneza bastola ndogo. Ndani yake alitia hewa ya kuwaka pamoja na hewa ya kawaida, akaifunga kwa kizibo, akapitisha cheche ya umeme. Kizibo kikaruka kwa kishindo! Hata leo pikipiki hufanya hivyo hivyo: mvuke wa petroli na hewa huingia katika silinda, buji hutoa cheche, moto hulipuka na kusukuma pistoni. Buji ikiwa chafu au imelowa maji, cheche haitoki vizuri, na mtu atapiga kiki mpaka mguu umchoke.

Tangu mwaka 1779 Volta alifundisha katika chuo kikuu cha Pavia. Hapo ndipo yalipotokea mabishano makubwa ya maisha yake. Katika mji wa Bologna alikuwako mganga mmoja, mtu mwema na mnyenyekevu, jina lake Luigi Galvani. Huyu aliona kwamba miguu ya chura aliyekufa huruka ikiguswa kwa metali mbili zilizounganishwa. Mwaka 1791 akatangaza kwamba umeme unatoka ndani ya mnyama. Kwanza Volta alisadiki. Baadaye akaingiwa na shaka: je, umeme hautoki katika zile metali? Akaweka karatasi ya bati kwenye ncha ya ulimi wake, na sarafu ya fedha nyuma yake, akaviunganisha. Mara akasikia ladha kali ya uchachu. Wala hapakuwa na chura.

Wataalamu wa Ulaya wakagawanyika, wengine kwa Galvani, wengine kwa Volta. Mwaka 1798 Galvani alikataa kuapa kiapo cha serikali mpya, akafukuzwa kazini, akafa mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Hakuuona mwisho wa mabishano.

Mwisho wa mwaka 1799 Volta alipanga vipande vya mviringo vya fedha na vya zinki, kimoja juu ya kingine, na kati ya kila jozi akatia kipande cha karatasi nene kilicholowa maji ya chumvi. Alipogusa juu na chini kwa mikono iliyolowa maji, alisikia mshtuko. Yeye mwenyewe alilinganisha chombo chake na taa, samaki bapa wa baharini, ambaye hutetemesha mkono wa mvuvi kama vile nina wa mito ya Kongo. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Nayo ilikuwa na udhaifu wake: karatasi zikikauka nguvu iliisha, na metali zikishika kutu ilibidi kuzisafisha. Kwa sababu hiyo hiyo fundi wa leo hutazama kwanza kama maji ya betri yamepungua, tena hukwangua ule unga mweupe unaoziba vichwa vyake.

Tarehe 20 Machi 1800 Volta aliandika barua London kueleza kazi yake. Mwaka 1801 aliitwa Paris, Napoleon Bonaparte akatazama majaribio yake, akapewa nishani ya dhahabu. Lakini si yote aliyosema yalikuwa sawa. Alidhani metali kugusana kunatosha, kumbe kazi kubwa hufanyika kati ya metali na maji yale. Na Galvani naye hakukosa kabisa, kwa maana umeme upo kweli katika neva na misuli ya viumbe.

Volta alioa mwaka 1794, akapata watoto wa kiume watatu. Mmoja, Flaminio, alikufa kijana mwaka 1814, na huzuni ile ilimlemea sana. Alisali kila siku, na huko Como aliwafundisha watoto katekisimu. Wengine walidhani mtu wa elimu hawezi kusali kwa moyo. Basi mwaka 1815 akaandika waraka, akakiri wazi imani yake Katoliki.

Alikufa tarehe 5 Machi 1827, akazikwa Camnago, karibu na Como. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na tindikali, ambayo ikiisha nguvu huweza kujazwa tena. Hiyo ndiyo mama wa betri nyingi za pikipiki: vyumba sita, kila kimoja volti mbili. Na mwaka 1881 wataalamu waliokutana Paris walikubaliana kwamba kipimo cha msukumo wa umeme kiitwe volti.