Maisha ya Burt Munro, Fundi wa Pikipiki Moja

Wanafunzi wengi wa hapa Bungu hutazama sana pikipiki zinazopanda mlima kutoka Korogwe zikiwa na abiria, magunia na mikungu ya ndizi, na wengine wao hupenda kusimama karibu na fundi anapofungua injini. Kwa ajili yao tumeona vyema kuandika habari za mtu aliyefungua na kufunga injini ya pikipiki moja kwa zaidi ya miaka arobaini, nyumbani kwake, mpaka ikashinda mashine zilizoundwa na viwanda vikubwa.

Jina lake ni Herbert James Munro, lakini watu walimwita Burt. Alizaliwa tarehe 25 Machi 1899 katika mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Alizaliwa pacha; dada yake alikufa wakati wa kuzaliwa, na inasemwa kwamba daktari aliwaambia wazazi wasitarajie kumwona huyu mwingine akifika miaka miwili. Akakulia shambani, mahali paitwapo Edendale. Tangu utoto alipenda mwendo. Farasi wa nyumbani aliyekuwa na mbio kuliko wote ndiye aliyempanda, na kelele za wazee hazikumzuia.

Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout. Msomaji asidhani kuwa jina hilo ni la Bara Hindi. Kiwanda kilikuwa Springfield, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, nacho kilichukua jina la wenyeji wa asili wa nchi ile. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili, ukubwa wa sisi 600. Gia zilikuwa tatu, zikibadilishwa kwa mkono, na breki ilikuwa ya nyuma tu. Mwendo wake wa mwisho, kama ilivyotoka kiwandani, ulikuwa maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89.

Kwa miaka sita aliiendesha hivyo hivyo. Hata mwaka 1926 akaanza kuibadilisha, na tangu hapo hakuacha. Hakuwa tajiri. Kazi yake ilikuwa kuuza na kutengeneza pikipiki, na kazi hiyo ilimaliza mchana wote. Basi pikipiki yake mwenyewe aliishughulikia usiku, mara nyingine mpaka asubuhi, kisha akaenda kazini. Mashine za thamani za karakana kubwa hakuwa nazo. Alikuwa na tupa, msumeno, nyundo, moto wa kuyeyushia, na macho yake.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo ilipo sifa yake. Pistoni alizisubu mwenyewe, akimimina metali iliyoyeyuka katika makopo ya zamani. Silinda alizitengeneza kwa vipande vya bomba la chuma lililokuwa likipitisha gesi mjini. Konrodi, yaani ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, alizichonga kwa mkono kutoka ekseli kuukuu ya mtambo mzito, kwa kuwa alijua chuma cha ekseli kimezoea kubeba mizigo. Chombo chake cha kupimia unene alikiunda kwa spoku ya gurudumu. Kila fundi anajua kwamba pistoni ikibana katika silinda hata kwa unene wa unywele, injini hukamata; na mtu huyu alipima kwa spoku!

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya valvu. Katika injini ile ya kiwandani, valvu zilikaa ubavuni mwa silinda, hata mchanganyiko wa hewa na petroli ulipaswa kupinda njia kabla ya kufika juu ya pistoni. Munro alizihamisha akaziweka juu ya silinda, ili injini ivute hewa kwa wepesi na moshi utoke upesi. Mabadiliko hayo yaliongeza nguvu, na nguvu ikaongeza joto, na joto likayeyusha pistoni. Alipoimarisha pistoni, konrodi zikakatika. Alipoimarisha konrodi, kitu kingine kikapasuka. Ndivyo ilivyo kwa kila anayeongeza nguvu ya injini: udhaifu hauondoki, unahama tu kwenda sehemu nyingine, na fundi lazima aufuate.

Munro hakutupa vipande hivyo. Alivipanga kwenye rafu ya gereji yake, pistoni zilizotoboka, konrodi zilizokatika, valvu zilizopinda, na juu yake akaandika, kwa mzaha, kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo. Rafu ile ilikuwa kama daftari lake. Pistoni iliyotoboka katikati haina habari moja na pistoni iliyokwaruzwa ubavuni. Ya kwanza inaeleza habari za moto uliozidi, ya pili habari za nafasi iliyopungua au mafuta yasiyofika.

Alimwoa Florence Beryl Martyn mwaka 1927, wakapata watoto wanne. Mwaka 1947 wakaachana. Baadaye akaacha kazi, akaishi ndani ya gereji pamoja na pikipiki zake, ile Indian na nyingine aina ya Velocette. Wako wamsifuo kwa hilo. Mimi naona mke na watoto walilipa sehemu ya gharama ya injini ile, na si haki kuandika maisha yake bila kulitaja jambo hili.

Majaribio aliyafanya ufukweni Oreti, karibu na Invercargill, ambako mchanga ni mgumu na mrefu. Mwaka 1957 alipita maili 130 kwa saa ufukweni. Lakini ufuko ule ulikuwa umekuwa mfupi kwa pikipiki yake, akaelekea Bonneville, katika jimbo la Utah, Marekani, penye uwanda mkubwa wa chumvi, mweupe na sawa kama meza, ambako watu wa mbio kutoka nchi nyingi hupimana mwendo. Huko alikwenda mara nyingi. Mwaka 1962, akiwa na miaka 63 na injini iliyopanuliwa kufika sisi 850, aliweka rekodi ya maili 178.95 kwa saa. Pikipiki ilikuwa imevikwa ganda jepesi lenye umbo la samaki ili kupasua upepo, naye akalala ndani yake kifudifudi.

Mwaka 1967 alirudi na injini ya sisi 950. Wastani wake uliandikwa kuwa maili 183.59 kwa saa, rekodi ya dunia ya pikipiki zisizozidi sisi 1000. Katika mbio nyingine, isiyohesabiwa kuwa rekodi, inasemwa alifika maili 205.67, pikipiki ikayumba, akaanguka juu ya chumvi, akapona. Alikuwa na miaka 68, na fremu ilikuwa na miaka 47. Hayo yote, kijana msomaji, yalifanyika mahali palipotengwa, pasipo mtoto wa shule wala mbuzi wa kukatisha njia. Barabara yetu ya mlimani si Bonneville.

Burt Munro alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 6 Januari 1978. Mwaka 2005 ilitolewa filamu juu yake, iliyoongozwa na Roger Donaldson, ambaye aliwahi kumpiga picha za filamu alipokuwa hai.

Kisha ikawa habari ambayo walimu wa hesabu wataipenda. Rekodi hupatikana kwa wastani wa mbio mbili, kwenda na kurudi. Mwanawe John alipozitazama namba za mwaka 1967 aligundua kwamba waliohesabu walikosea. Mwaka 2014 chama cha pikipiki cha Marekani kilirekebisha hesabu, na rekodi ikapanda kufika maili 184.087 kwa saa, miaka 36 baada ya mwenyewe kuzikwa. Pikipiki yake huwekwa katika duka la vifaa vya ujenzi na ufundi la E. Hayes huko Invercargill, kati ya misumari na nyundo, na wateja huitazama bila kulipa kiingilio.