Paul de Vivie, Mfaransa aliyepigania gia za baiskeli

Mwishoni mwa karne ya 19, watengenezaji wengi wa baiskeli nchini Ufaransa waliridhika na mnyororo mmoja na magurudumu mawili ya meno, moja kwenye pedeli, jingine nyuma. Paul de Vivie, aliyefahamika zaidi kwa jina la uandishi la Vélocio, hakuridhika.

Alizaliwa mwaka 1853 huko Pernes, kusini mwa nchi, akawa mfanyabiashara wa hariri. Mwaka 1887 alifungua duka la baiskeli mjini Saint-Étienne na kuanzisha jarida, Le Cycliste. Mwanzoni aliagiza baiskeli kutoka Uingereza. Miaka miwili baadaye alitengeneza yake, La Gauloise.

Saint-Étienne ni mji wa milima, na hapo ndipo hoja yake ilipozaliwa. Gurudumu la mbele likiwa na meno 48 na la nyuma 16, tairi huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko wa pedeli. Mwendo huo wafaa tambarare, lakini humvunja mtu miguu mlimani. Wa nyuma wakiongezwa hadi 24, tairi huzunguka mara mbili tu, na mpanda mlima hupata nafuu. De Vivie alitaka miendo yote miwili katika baiskeli moja. Alifunga magurudumu mawili ya meno mbele, na mwendeshaji alilazimika kushuka na kuhamisha mnyororo kwa mkono. Ilikuwa kazi ya kuchafua vidole, lakini alipanda Col de la République, mita 1,161, na kuandika matokeo yake jaridani safari baada ya safari.

Upinzani ulikuwa mkali. Kila kipuri cha ziada kilimaanisha uzito, msuguano na gharama, na Henri Desgrange, mwasisi wa mbio za Tour de France, aliona gia kuwa msaada wa wazee. Kwa kuwa viwanda viliuza kupitia sifa za mashindano, neno la Desgrange lilikuwa na uzito kuliko hesabu za muuza duka wa mkoani.

De Vivie, aliyekuwa pia mpenzi wa Kiesperanto na asiyekula nyama, alifariki mwaka 1930 baada ya kugongwa na tramu. Tour de France iliruhusu vibadilisha gia mwaka 1937, na mshindi wa mwaka huo, Roger Lapébie, alikitumia.