Jean Linden: aliona orkide kwao mbele ya kuzitia mu chungu

Jean Linden alizaliwa ku Luxembourg mwaka 1817. Alikuwa na miaka 18 tu wakati serikali ya Ubelgiji ilimutuma Brazil kutafuta mimea, yeye na wenzake wawili, Nicolas Funck na Auguste Ghiesbreght. Walirudi 1837, na bila kukawia wakaondoka tena: Cuba, Mexico, Guatemala. Ku Mexico homa ya manjano ilimushika, kidogo afe. Hata hivi 1841 akaenda mara ya tatu, Venezuela na Colombia, akabakia kule mpaka 1844.

Siku zile matajiri wa Uingereza walikuwa na wazimu wa orkide. Walitoa feza mingi, kisha wakazifungia ndani ya nyumba za vioo, shodieri inawaka usiku na mchana, madirisha yamefungwa, maji kila siku. Waliwaza hivi: ua limetoka inchi za joto, basi linataka joto. Orkide zikakufa kwa maelfu, na wenyewe wakaagiza zingine.

Linden yeye alikuwa ameziona kwao. Ku milima ya Colombia alizikuta zimeshika matawi ya miti kwa metre 2000 na zaidi, fasi ya baridi na ukungu. Mizizi iko nje, mvua inailowesha, upepo unaikausha. Udongo hakuna. Aliandika kila fasi: urefu wa mulima, na baridi iko namna gani. Mwaka 1846 mwanasayansi wa Uingereza, John Lindley, alitoa kitabu juu ya orkide hizo pamoja na habari zile. Kwetu si ajabu: ulizeni mutu wa Kolwezi, asubuhi ya mwezi wa sita, kama Afrika haina baridi.

Kisha Linden akafanya kazi ya kulima na kuuza, kwanza Luxembourg, halafu Bruxelles, kwenye alikuwa pia mukubwa wa bustani ya wanyama ya Parc Léopold. Nyumba zake za vioo alizitenganisha: ya joto, ya kati, na ya baridi yenye hewa ya kupita. Mimea ikaishi.

Ile hewa njo siri ya chungu mpaka leo. Mama mwenye orkide ku dirisha asiihamishe wakati iko na maua, isipokuwa mizizi inaoza. Angoje maua yaishe na ncha mupya za mizizi, za kijani, zianze kutoka. Kila miaka miwili hivi inatosha, juu maganda ya ndani yanaoza na kuziba hewa. Toa yote ya zamani. Muzizi mugumu uache. Ule mweusi wenye kulegea, ukate na kisu safi. Chungu kipya kipite cha zamani kidogo tu, na kiwe na matundu chini. Tia vipande vya maganda ya muti, na vya makala, ile ya mbabula, lakini mupya, isiyoguswa na moto wala mafuta ya jikoni. Udongo wa shamba hapana kabisa, unaua. Halafu ngoja siku chache mbele ya kunywesha, vidonda vya mizizi vikauke.

Linden alipata utajiri na sifa. Tangu 1885 alitoa gazeti la picha za orkide, Lindenia. Lakini tuseme yote. Biashara ile, ambayo yeye alikuwa mumoja wa wakubwa wake, ilituma wakusanyaji wengi, na ku Colombia walikata miti mizima kwa kushusha maua ya juu. Milima ikabakia tupu, masanduku yakaenda Ulaya, na mengi yalifika yameoza. Sisi watu wa mine hatuna lazima ya kuelezwa sana hadisi ya namna hii.

Alikufa Bruxelles mwaka 1898. Mwana wake Lucien aliendelea na kazi, na macho yake yakageuka huku kwetu: mwaka 1900 aliuza ku Bruxelles miche ya kahawa iliyotoka Congo, akaipa jina robusta. Kahawa ile ingali na jina lile ku soko zote za dunia.