Joginder Singh: Fundi aliyewabwaga wenye magari ghali Safari Rally

Kabla ya lami kuunganisha Embu na Meru, safari kati ya miji hiyo miwili ilikuwa mtihani mkali kwa gari lolote lile. Barabara ya udongo mwekundu ilijipinda ubavuni mwa Mlima Kenya, ikateremka hadi mtoni, ikapanda kilima na kuteremka tena kwenye mto mwingine. Ilipitia Runyenjes na Chuka hadi Nkubu, na mvua za masika ziliponyesha udongo ule uligeuka utelezi mtupu. Mwenye gari la bei ghali na mwenye gari kuukuu walikwama katika tope moja.

Kwa miaka mingi, mashindano ya magari ya Safari Rally yaliuzunguka mlima huo wakati wa Pasaka. Wakazi wa Embu na Meru walijipanga kando ya barabara, usiku na mchana, kuyaona magari yakipita. Miongoni mwa majina waliyoyafahamu vyema ni la Joginder Singh, dereva aliyevaa kilemba na ambaye ulimwengu wa mashindano ulimpa lakabu ya Singasinga Arukaye. Wakenya wengine walimwita Simba wa Kenya.

Maisha yake yanatoa funzo kuhusu swali linalowakera wapenzi wa magari hadi leo, hasa vijana. Je, ni heri mtu alirekebishe gari alilo nalo ili liwe na nguvu, au akusanye pesa anunue jingine lililotoka kiwandani likiwa na nguvu hizo?

Joginder Singh alizaliwa mjini Kericho mnamo Februari 9, 1932. Babake alikuwa amehamia Kenya kutoka Punjab nchini India, na riziki ya familia ilitokana na gereji. Baada ya masomo, kijana huyo aliingia katika kazi hiyo hiyo ya babake. Alianza chini kabisa, akishika spana, akifungua injini na kuosha vipuri kwa mafuta, kabla ya kuwa fundi kamili.

Mnamo 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa mtu wa doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia madereva waliokwama au kuharibikiwa njiani. Kwa fundi kijana, kazi hiyo ilikuwa shule kubwa. Anayeshinda barabarani akiwahudumia waliokwama hujifunza ni kipuri kipi huvunjika kwanza, huvunjika katika barabara ya aina gani, na kinaweza kushikizwa kwa njia gani hadi gari lifike mjini.

Mwaka uliofuata, 1959, alishiriki Safari kwa mara ya kwanza.

Mashindano hayo yalikuwa yameanzishwa mnamo 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo mwanzoni, magari yaligawanywa katika makundi kulingana na bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Nia ilikuwa kumwonyesha mnunuzi wa kawaida ni gari lipi la bei yake lingestahimili barabara za Afrika Mashariki. Kwa hivyo, mjadala kuhusu thamani ya gari na uwezo wake ulikuwemo ndani ya Safari tangu siku ya kwanza.

Baadaye madereva waliruhusiwa kuyaimarisha magari yao zaidi. Bamba nene la chuma liliwekwa chini ya injini kuikinga dhidi ya mawe. Springi laini ziliondolewa na kuwekwa ngumu. Taa ziliongezwa mbele kwa ajili ya usiku na ukungu, na tangi la petroli likapanuliwa. Marekebisho mengi hayakulenga kuongeza mwendo. Yalilenga kulifikisha gari mwisho wa safari.

Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika mnamo 1963. Magari 84 yalianza mashindano, lakini ni saba pekee yaliyomaliza. Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Joginder, akiendesha Fiat 2300, alimaliza katika nafasi ya nne. Hali ilijirudia mnamo 1968, ambapo magari 93 yalianza na saba tu yakafika. Nowicki alishinda tena, naye Joginder akawa tena miongoni mwa waliomaliza.

Hata hivyo, ushindi uliomjengea jina ulipatikana katikati ya miaka hiyo miwili.

Mnamo 1964, kampuni ya Volvo kutoka Uswidi ilileta magari ya aina ya PV544 kushiriki Safari. Magari hayo hayakufua dafu. Moja kati yake liliishia mikononi mwa Joginder, likiwa limekwisha kutumika na kuchakaa. Umbo lake lilikuwa la kizamani, kwani lilitokana na gari ambalo Volvo ililionyesha kwa mara ya kwanza mnamo 1944. Kiwanda chenyewe kilikuwa kinajiandaa kuacha kuliunda, na kweli kiliacha kufanya hivyo mwaka wa 1965.

Joginder na nduguye Jaswant, ambaye pia alikuwa mwelekezi wake, waliliandaa gari hilo kwa Safari ya 1965. Hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa gereji, mikono yao, na ufahamu wa barabara za nyumbani. Walianza wakiwa na nambari moja ubavuni mwa gari, na walipomaliza walikuwa wa kwanza.

Ushindi huo ulikuwa na uzito mkubwa kuliko kombe lenyewe. Kenya ilikuwa imepata uhuru miezi kumi na sita hivi tu iliyotangulia. Tangu 1953, washindi wote wa Safari walikuwa wenye asili ya Ulaya. Sasa mwana wa fundi kutoka Kericho, Mkenya mwenye asili ya Asia, alikuwa amewapiku kwa gari ambalo wengine walikuwa wamelikatia tamaa.

Wanaopendelea kurekebisha magari yao hupenda kuutaja ushindi huo kama ithibati. Lakini kisa hicho kina upande wa pili ambao haufai kupuuzwa. Volvo ile, ingawa ilikuwa kuukuu, ilikuwa imeundwa kwa chuma imara na kutayarishwa na kiwanda kwa ajili ya mashindano. Akina Singh hawakuchukua gari dhaifu na kulifanya shujaa. Walichukua gari lenye mifupa mizuri na kulitibu udhaifu wake. Fundi hodari huanza kwa kuchagua kitu kinachostahili jasho lake.

Isitoshe, Joginder hakufungwa na mapenzi ya gari moja. Mnamo 1969 alimaliza wa pili akiendesha Volvo 142S. Mwaka uliofuata alikuwa wa pili tena, safari hii katika Datsun 1600 SSS, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari la aina iyo hiyo. Kila alipoona gari jipya lenye manufaa, alilikumbatia.

Kufikia miaka ya sabini, Safari ilikuwa imebadilika. Viwanda vya Ulaya na Japani vilituma timu kamili, zikiwa na mafundi, vipuri na hata ndege za kufuatilia mashindano kutoka angani. Mnamo 1972, Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, akiendesha Ford Escort. Wengi waliona kwamba enzi ya fundi wa nyumbani ilikuwa imekwisha.

Mnamo 1974, Joginder alijitokeza na Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, mwelekezi wake akiwa David Doig. Lilikuwa gari dogo, lenye injini isiyofika hata lita 1.6. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi katika Porsche 911, gari lenye nguvu nyingi zaidi na bei isiyoshikika. Mvua ilinyesha, barabara zikaharibika, na Joginder akashinda. Waldegård alikuwa wa pili.

Miaka miwili baadaye, 1976, Joginder na Doig walirudia ushindi huo kwa Lancer. Magari ya Mitsubishi yalichukua nafasi tatu za kwanza, Robin Ulyate akiwa wa pili na Andrew Cowan wa tatu. Joginder akawa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Rekodi hiyo ilivunjwa baadaye na Mkenya mwenzake, Shekhar Mehta, aliyefikisha ushindi wa tano mnamo 1982.

Lancer haikuwa gari kuukuu la kufufuliwa. Lilikuwa gari jipya ambalo kiwanda kilikuwa kimelipa uwezo kuliko Lancer za kawaida. Kwa maana hiyo, dereva huyo huyo aliyeshinda 1965 kwa njia ya kwanza alishinda 1974 na 1976 kwa njia ya pili. Lililobaki vilevile ni fundi aliyeketi nyuma ya usukani, aliyesikia mlio wa injini na kujua lini aikaze na lini aipumzishe. Katika Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Wapo madereva waliokuwa na kasi kumliko, lakini ni wachache waliolifikisha gari nyumbani mara nyingi kiasi hicho.

Kinyume chake pia kina funzo. Porsche ilijaribu mara kadhaa kuishinda Safari na kuishia nafasi ya pili mnamo 1972, 1974 na 1978. Lancia Stratos, gari lililounguruma na kutisha Ulaya nzima, halikuwahi kushinda hapa. Peugeot 404, gari la familia na la kubebea mizigo ambalo wakulima wengi walilifahamu, lilishinda mara nne.

Sababu haiko mbali. Nguvu za injini ni sehemu moja tu ya gari. Anayeongeza nguvu bila kuimarisha breki amejiongezea hatari. Anayeinua gari kwa springi ndefu ili lisiguse mawe hulifanya liyumbe zaidi kwenye kona. Injini ya kabureta iliyorekebishwa Mombasa, usawa wa bahari, huchoma petroli vibaya ikifika Timau, zaidi ya mita 2,000 juu, kwa kuwa hewa huko ni nyepesi. Kila badiliko hudai badiliko jingine, na asiyejua hesabu hiyo hulipa mara mbili: kwanza kwa fundi, kisha barabarani.

Gari lililotoka kiwandani likiwa na nguvu huwa limekwisha kufanyiwa hesabu hiyo. Breki, gia, ekseli na springi zake zimepimwa kwa pamoja. Lakini bei yake, bima yake, vipuri vyake na kiu yake ya petroli ni mzigo wa kudumu, na halimfundishi mwenyewe kuendesha.

Suala hili lina uzito wa pekee Meru na Embu. Madereva wa magari ya kubeba miraa kutoka Maua hukimbizana na saa, kwa sababu zao hilo hupoteza thamani lisipofika sokoni likiwa bichi. Springi za nyuma huongezwa ili gari libebe zaidi, na mguu hukanyaga mafuta usiku kucha. Njia yao hupitia daraja la Nithi, ambako zaidi ya watu 30 walipoteza maisha mnamo Julai 2022 basi lilipotumbukia bondeni. Mteremko wa Nithi hauulizi gari lina kasi gani. Huuliza kama breki zake zinaweza kuzuia uzani lililoubeba.

Joginder aliachana na Safari mnamo 1980. Miaka yake ya baadaye aliishi Uingereza, na alifariki jijini London mnamo Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari yenyewe iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarejeshwa mnamo 2021. Kitovu chake sasa ni Naivasha, na ile mizunguko mirefu ya kuuzunguka Mlima Kenya imebaki katika kumbukumbu za wazee wa Embu na Meru.

Jina la Lancer halikupotea pamoja na enzi hizo. Mnamo 1996, Tommi Mäkinen wa Finland alishinda Safari kwa Lancer Evolution, mjukuu wa gari lile dogo la Joginder.

Kwa kijana wa Embu au Meru anayewaza leo kama alifungue gari lake au aliuze anunue lenye nguvu zaidi, maisha ya Joginder hayamwamrishi achague upande. Yanamwonyesha utaratibu. Fundi huyo aliijua spana kabla ya kuujua usukani wa mashindano, akajua udhaifu wa gari kabla ya kutafuta kasi yake, na akachagua gari kwa kuitazama barabara iliyomngoja. Aliyeyapata hayo matatu anaweza kufaulu kwa gari kuukuu au jipya. Aliyeyakosa, hata Porsche haitamfikisha Meru.