Mkimbizi Aliyewafungulia Watoro Mlango



Jumapili iliyopita tulikaa kwenye Walawi 19:34, pale Mungu anapowakumbusha Israeli kwamba na wao walikuwa wageni Misri, kwa hiyo mgeni wasimtese. Baada ya ibada wengine mliniuliza: Mchungaji, jambo hili mtu wa hapa kwetu aliwahi kulifanya kweli? Ndiyo, aliwahi. Anaitwa Mchungaji William Jones wa Rabai.

Jones alizaliwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa kama mbuzi sokoni. Alipookolewa hakurudishwa kwao. Alipelekwa India, na huko akalelewa na kusomeshwa na wamisionari. Hata hilo jina la Jones si la baba yake. Hebu fikiria: mtoto hana mama, hana kwao, jina lenyewe amepewa. Kwa lugha ya leo tungemwita mkimbizi.

Mwaka 1864 alirudi Afrika, akaja Rabai kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann. Yeye na wenzake waliotoka India waliitwa Wabombay. Mwaka 1875 kijiji cha Freretown kilipojengwa hapa Kisauni kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, Wabombay walikuwa walimu na mafundi wake. Ukishuka matatu pale Kengeleni, ile kengele unayoiona ni yao. Iliwaonya watu adui akikaribia.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimwekea Jones mikono kuwa shemasi, kisha wakafunga safari pamoja kwenda Uganda. Walipofika Kavirondo askofu alitangulia na watu wachache, akamwacha Jones na msafara mkubwa. Askofu akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones alisubiri, habari zikafika, akawarudisha watu wake kwa miguu hadi Rabai. Waliingia mwezi wa Februari 1886 na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi: utukufu umeondoka.

Mtu mwingine angesema basi, nimechoka. Lakini Rabai kulikuwa na watu mlangoni.

Hao walikuwa watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Hapa tuelewe vizuri. Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa baharini, ila utumwa wenyewe ulikuwa halali pwani yetu mpaka mwaka 1907. Aliyeokolewa na meli alikuwa na karatasi. Aliyekimbia kwa miguu yake hakuwa nayo, na mwenyewe alikuwa na haki ya kumdai. Misheni ilikuwa imeonywa isiwapokee, na mwaka 1880 Freretown ilinusurika kushambuliwa kwa sababu yao. Pamoja na hayo, Rabai ya Jones watoro waliingia, wakajenga, wakalima, wakaketi kanisani.

Mwaka 1888 mambo yalifichuka. Wenye watumwa walikuja juu, na walipohesabiwa, watoro katika vituo vya misheni walizidi 1,400. Vita vilinukia. Mwishowe George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alikubaliana na wenyewe walipwe fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu wale wakapewa karatasi za uhuru pale Rabai. Jones alipata upadre mwaka 1895, akafariki mwaka 1904.

Mimi nimesomea biashara, napenda hesabu. Zamani ningesema Jones alijiingizia kanisa deni. Sasa nawaambia jambo langu mwenyewe. Mwaka mmoja wa mafuriko nilikuwa nashika mfuko wetu wa huruma. Akaja mama na watoto watatu, nyumba yake imeenda na maji. Nikamwambia arudi na barua ya chifu. Utaratibu ni utaratibu, sivyo? Hakurudi. Daftari langu lilikuwa safi kabisa, na mpaka leo sijui wale watoto walilala wapi.

Jones hakuanza na barua. Alianza na mtu, karatasi ikafuata. Na karatasi ni muhimu: unga unaisha kwa wiki moja, lakini kitambulisho, shamba na jina la heshima vinamsimamisha mtu.

Wazee wetu wa Utange wanaikumbuka kambi ya ndugu Wasomali hapa miaka ya 1990. Wageni si jambo geni kwetu. Wiki hii, mpendwa, mtafute mmoja aliyehamishwa na njaa, maji au vita. Mpe chakula kwanza, kisha mfuate hadi ofisini apate karatasi zake. Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyekimbia, usijione mpokeaji tu. Mlango wa Rabai ulifunguliwa na mtu asiyekuwa na kwao.